Saini za Warushaji wa Akiba

Ndugu wasikilizaji, juma hili tuzungumze juu ya vipande vya karatasi. Huko Marekani wapo watu wanaokusanya kadi za wachezaji wa besiboli zilizotiwa saini, na miongoni mwao wapo wanaotafuta kadi za warushaji wa akiba peke yao. Mrushaji wa akiba ni yule anayekaa pembeni mpaka mwenzake achoke, ndipo aitwe, mara nyingi mchezo ukiwa karibu kuharibika.

Mtauliza, mbona nyota wapo tele? Jibu limo katika historia.

Kwa miaka mingi, mrushaji aliyeanza mchezo aliandikiwa ushindi, bali aliyeingia mwishoni kuulinda ushindi huo hakuwa na hesabu yake. Aliyebadili mambo ni mwandishi wa habari, Jerome Holtzman wa Chicago. Alibuni njia ya kuhesabu ushindi uliookolewa, na mwaka 1969 hesabu hiyo ikawa rasmi. Mimi niliye katika kazi hiyo hiyo ya habari, jambo hilo hunifurahisha. Daftari la mwenzetu liliwapa watu haki yao.

Mtazameni Hoyt Wilhelm. Alipigana Ulaya katika Vita Kuu ya Pili, akaingia ligi kuu mwaka 1952 akikaribia umri wa miaka 30, akacheza michezo 1,070. Mwaka 1985 akawa mrushaji wa akiba wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Heshima huko Cooperstown. Kadi yake ya 1952 ilitolewa na kampuni ya chingamu ya Topps, katika toleo lile lile lenye kadi ya nyota Mickey Mantle. Mwaka 2022, kadi moja ya Mantle iliuzwa dola milioni 12.6.

Penye fedha nyingi, uongo haukosi. Katika miaka ya 1990 makachero wa FBI walianza msako walioupa jina la Bullpen, yaani mahali warushaji wa akiba wanapopasha mwili moto. Walinasa genge la waghushi saini. Hata mipira yenye saini bandia ya Mama Teresa ilipatikana. Lakini nani atajisumbua kughushi saini ya mrushaji wa akiba asiyevuma? Haina faida. Mkusanyaji humpelekea mzee huyo kadi kwa posta, pamoja na bahasha yenye stempu ya kurudishia, kisha husubiri.

Mwaka 2019 Mariano Rivera, mrushaji wa akiba, alikuwa mchezaji wa kwanza kupigiwa kura na waandishi wote ili aingie Cooperstown. Wilhelm hakuiona siku hiyo. Alifariki mwaka 2002, na saini yake haiombwi tena. Ndugu wasikilizaji, mwenye kutaka kumbukumbu ya mtu aiombe mapema, mkono wa kuandika ukingalipo.