Katuni za Star Wars na Historia Iliyofutwa kwa Tangazo

Tarehe 25 Aprili 2014 kampuni ya Lucasfilm ilitoa tangazo lisilo refu. Lilisema kwamba filamu sita za Star Wars, pamoja na simulizi ya The Clone Wars, ndizo zitakazobaki kuwa masimulizi rasmi. Riwaya, katuni na michezo ya kompyuta iliyokuwa imeujenga ulimwengu huo kwa zaidi ya miaka 35 haitahesabiwa tena. Itakayochapishwa upya itabeba lebo ya Legends, yaani hekaya.

Wengi waliipokea habari hiyo kama jambo la burudani tu. Mimi ni mshabiki wa katuni hizo tangu nikiwa mwanafunzi, na nililisoma tangazo lile mara mbili. Ni nadra sana mwenye mamlaka kutamka hadharani, tena kwa tarehe, kwamba yaliyotokea hayakutokea. Kwa kawaida kazi hiyo hufanywa kimyakimya, kwa kubadilisha kitabu cha kiada au kwa jalada kupotea masjala. Kwa sababu hiyo naona historia ya katuni hizi inastahili kutazamwa na watu wasiojali kabisa vita vya angani.

Tuanze mwanzo. Charles Lippincott, aliyesimamia utangazaji wa filamu ya kwanza, aliwaendea Marvel wakati filamu yenyewe haijakamilika. Roy Thomas akapewa kazi ya kuandika na Howard Chaykin ya kuchora. Toleo la kwanza lilifika madukani Aprili 1977, na filamu ikaanza kuonyeshwa tarehe 25 Mei. Kwa hiyo wapo wasomaji waliokutana na Luke Skywalker kwenye karatasi kabla ya kumwona kwenye kioo cha sinema. Jim Shooter, aliyekuja kuwa mhariri mkuu wa Marvel, amesema kwamba mauzo ya katuni hiyo ndiyo yaliyoiokoa kampuni katika kipindi kigumu. Hapa hatuzungumzii mkia uliofuata mnyama.

Matoleo sita ya kwanza yalisimulia filamu. Baada ya hapo hadithi ikaisha, na filamu ya pili ilikuwa bado miaka mitatu mbele. Waandishi wakalazimika kubuni. Walibuni vizuri na walibuni vibaya: katika toleo la 8 alijitokeza Jaxxon, sungura mkubwa wa kijani mwenye bastola, ambaye mashabiki wanamcheka hadi leo. Archie Goodwin na mchoraji Carmine Infantino waliibeba kazi hiyo miaka kadhaa bila kujua siri kuu ya simulizi, kwamba Darth Vader ndiye baba yake Luke. Siri hiyo ilifichuliwa na filamu ya 1980. Soma matoleo yao ukilikumbuka hilo na utaiona ajabu ya kazi yenyewe: watu wanaandika historia ya familia ambayo hawajaelezwa ukoo wake. Mfululizo huo ulikoma mwaka 1986, toleo la 107.

Kisha kikaja kimya. Filamu mpya haikupatikana hadi 1999. Waliouchochea moto usizimike walikuwa waandishi wa riwaya na wa katuni. Mwaka 1991 kampuni ya Dark Horse ilianza kuchapisha Dark Empire, iliyoandikwa na Tom Veitch na kuchorwa na Cam Kennedy. Humo Kaizari Palpatine, aliyekufa katika filamu ya 1983, anarejea katika mwili mpya ulionakiliwa kutoka ule wa kwanza, na Luke anapiga magoti mbele yake akidhani ataushinda uovu kwa kuingia ndani yake. Wapo mashabiki waliokasirika. Mimi naiona kuwa katuni ya kwanza katika jamii hii iliyothubutu kuuliza kama mapinduzi yanaweza kushinda vita na bado yakashindwa.

Ninayoipenda kuliko zote, hata hivyo, ni hadithi ya John Ostrander na Jan Duursema iliyoanza mwaka 2000. Quinlan Vos anazinduka bila kumbukumbu. Hajui jina lake wala makosa yake. Mwanafunzi wake, Aayla Secura, naye ameporwa kumbukumbu. Hadithi nzima ni safari ya kuutafuta wakati uliopita, hata ule unaouma. George Lucas alipoona mchoro wa Aayla, akampenda, akamwingiza katika filamu ya 2002. Binti aliyezaliwa katuni akawa raia wa sinema.

Wakati huo palikuwa na utaratibu. Kuanzia mwaka 2000 Leland Chee alitunza kumbukumbu za Lucasfilm katika hifadhidata iliyopanga masimulizi kwa ngazi. Neno la filamu lilikuwa juu, na katuni na riwaya zilikuwa chini yake, lakini zilihesabiwa hadi zipingwe na lililo juu. Mwanafunzi wa historia ataitambua njia hiyo, kwa maana ndivyo tunavyopima vyanzo vinavyogongana. Mshairi wa mtaani na msajili wa serikali hawana uzito mmoja, lakini hatumfukuzi mshairi.

Oktoba 2012 Disney ilitangaza kuinunua Lucasfilm kwa zaidi ya dola bilioni 4. Ilikuwa imekwisha kuinunua Marvel mwaka 2009, na leseni ya katuni ikaondolewa Dark Horse ili irudi Marvel kuanzia 2015. Haki itendeke kwa wanunuzi pia. Filamu mpya zilikuwa zinakuja, na hakuna mwongozaji ambaye angeweza kufungwa na maelfu ya kurasa, nyingi zikipingana. Sababu ilikuwepo. Ninachokihoji ni njia: ngazi ziliondolewa, ukabaki ukuta.

Angalia kilichompata Aayla. Kwa kuwa alionekana kwenye filamu, aliendelea kuwepo rasmi. Katuni iliyomzaa haikuwepo tena. Watumishi wa umma mnaosoma hapa mnaujua mkasa huo: mtu yuko mbele ya meza yako, lakini cheti chake cha kuzaliwa hakitambuliki.

Katuni za Marvel zilizoanza Januari 2015 si mbaya. Toleo la kwanza la Jason Aaron na John Cassaday liliuza nakala zipatazo milioni moja, na Kieron Gillen alitupa Daktari Aphra, mwanaakiolojia mwizi, mmoja wa wahusika bora wa ulimwengu huu. Udhaifu wao ni mwingine. Kwa sehemu kubwa wanaandika katika mapengo kati ya filamu na filamu, ambako mwisho umekwisha kuamuliwa na wengine. Goodwin na Veitch walikosea mara nyingi, lakini walikuwa wanatembea mbele ya taa.

Kisha yaliyofutwa yakaanza kurudi. Mwaka 2019 Marvel ilichapisha toleo la 108 la mfululizo uliokoma 1986, kana kwamba miaka 33 ilikuwa mwezi mmoja. Desemba ya mwaka huohuo filamu ya The Rise of Skywalker ilimrudisha Kaizari Palpatine kutoka kifoni. Wasomaji wa Dark Empire hawakushangaa. Walikuwa wamemwona akirudi miaka 28 kabla.

Mwaka 2020 likazuka suala la mrabaha. Chama cha waandishi wa hadithi za kisayansi na njozi cha Marekani kilimtetea hadharani Alan Dean Foster, aliyesema hakuwa akilipwa kwa riwaya zake, zikiwemo za Star Wars, baada ya umiliki kubadilika. Hoja ya chama ilikuwa kwamba anayenunua haki hununua na wajibu. Mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba suala la Foster limemalizwa.

Nawaachia wanafunzi wangu hoja hii. Mwenye hakimiliki ana mamlaka ya kuamua kipi kiitwe rasmi, na simnyang'anyi. Lakini urasmi ni hukumu ya ofisi, na ofisi hubadilisha wenyewe. Kinachopaswa kutushughulisha, katika katuni na katika nchi, ni kama nakala za zamani bado zinasomeka, na kama majina ya waliozitengeneza bado yamo. Ya Quinlan Vos ipo kabatini kwangu, kurasa zimeanza kuwa za manjano, na majina ya Ostrander na Duursema bado yako kwenye jalada.