Miezi Mitatu ya Nyika: Timu ya Mbio ya Chuo Kikuu cha Texas El Paso na Wakimbiaji wa Hanang

Katika historia ya riadha ya Tanzania, taasisi moja iliyo mbali na mipaka ya nchi inastahili kukumbukwa sambamba na shule, majeshi na vilabu vya nyumbani, nayo ni timu ya mbio za nyika ya Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, mji wa jangwani ulio kusini mwa Marekani na unaotenganishwa na Ciudad Juárez ya Mexico kwa mto peke yake. Kati ya mwaka 1969 na 1981 timu hiyo ilitwaa mara saba ubingwa wa vyuo vya Marekani, na katika sehemu ya mwisho ya kipindi hicho Watanzania walikuwa miongoni mwa nguzo zake. Mmoja wao, Gidamis Shahanga, alizaliwa mwaka 1957 huko Katesh, chini ya Mlima Hanang, na kwa sababu yake historia ya chuo hicho ni sehemu pia ya historia ya wilaya za Hanang na Mbulu, ingawa ni nadra kusimuliwa hivyo.

Chuo chenyewe kilianzishwa mwaka 1914 kikiwa shule ya uchimbaji madini, na ndiyo maana timu zake zote hadi leo huitwa Wachimba Madini. Majengo yake yana kuta nene zilizoinamia ndani na mapaa mapana, mtindo uliochukuliwa kutoka Bhutan, nchi ya milimani huko Asia, baada ya mke wa mkuu wa kwanza wa shule kuvutiwa na picha za nchi hiyo alizoziona jaridani. Jina la chuo lilivuma Marekani nzima mwezi Machi 1966, wakati kilipokuwa kikiitwa Texas Western, kwa kuwa timu yake ya mpira wa kikapu, chini ya kocha Don Haskins, ilianza mchezo wa fainali ikiwa na wachezaji watano weusi na kuifunga Kentucky iliyokuwa na weupe watupu kwa pointi 72 dhidi ya 65. Chuo kilichokwisha kuvuka mstari huo wa rangi kwenye kikapu hakikuona ajabu kuwatafuta vijana wa Afrika kwa ajili ya riadha, na Ted Banks, kocha aliyeiongoza riadha ya chuo hicho kwa muda mrefu wa miaka ya 1970, alifanya hivyo kwa bidii kuliko makocha karibu wote wa wakati wake, akakivunia chuo mataji zaidi ya 15 ya kitaifa katika mbio za nyika, riadha ya ndani ya ukumbi na riadha ya uwanjani.

Mbio za nyika ni mbio ndefu zinazokimbiwa nje ya uwanja wa riadha, juu ya nyasi, matope na vilima, na katika vyuo vya Marekani zina msimu wake maalumu unaoanza Septemba na kumalizika mwishoni mwa Novemba. Wakati wakulima wa Mbulu wanapotayarisha mashamba wakingoja mvua, wanafunzi wa Marekani huwa ndiyo kwanza wamefungua mwaka wa masomo, na kila baada ya wiki moja au mbili timu husafiri kwenda kushindana na vyuo vingine, kwanza katika mialiko ya kirafiki, kisha katika mashindano ya ligi na ya kanda, hadi ubingwa wa taifa unaosimamiwa na chama cha michezo ya vyuo kinachojulikana kwa herufi NCAA. Majira hayohayo ndiyo majira ya sherehe za chuo, na kubwa kuliko zote ni ile ya wahitimu wa zamani kurudi chuoni, ambayo huambatana na mchezo wa mpira wa miguu wa Kimarekani na gwaride la bendi. Uwanja wa Sun Bowl, ulio ubavuni mwa mlima kando ya chuo, uliweza kupokea makumi ya maelfu ya watazamaji siku ya mpira, ilhali wakimbiaji wa nyika, ambao ndio walikuwa mabingwa wa nchi, walishindana katika viwanja vya gofu na mbuga za miji ya mbali mbele ya watu wachache waliosimama kando ya kamba.

Ushindi katika mbio hizi hauhesabiwi kwa mtu mmoja. Kila chuo huingiza wakimbiaji saba, na nafasi walizomalizia watano wa mwanzo hujumlishwa, hivyo timu yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Wawili waliobaki hawaongezi pointi za timu yao, lakini wakiwatangulia wapinzani huwasukuma nyuma na kuzifanya pointi zao kuwa nyingi. Kwa hesabu hiyo timu haiwezi kupata chini ya pointi 15, yaani 1, 2, 3, 4 na 5, na timu yenye nyota mmoja asiye na wenzake hushindwa na timu yenye watano wanaokaribiana. Mwaka 1981, katika mashindano yaliyofanyika Wichita, Kansas, Texas El Paso ilipata pointi 17, mbili tu zaidi ya ukamilifu, na hakuna timu nyingine ya wanaume iliyowahi kupata jumla ndogo kama hiyo katika ubingwa wa NCAA.

Mlango wa Watanzania kuingia katika timu hiyo ulifunguliwa na Suleiman Nyambui, mwenyeji wa Majita katika mkoa wa Mara, aliyejiunga na chuo hicho mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyambui alikuwa bingwa wa mtu mmoja mmoja katika mbio za nyika za vyuo mwaka 1980, na miezi michache kabla ya ushindi huo alikuwa Moscow, ambako alipata nishani ya fedha ya mita 5,000 katika Michezo ya Olimpiki. Jambo hilo lina uzito wake: Marekani, nchi iliyompa ufadhili wa masomo, iliisusia michezo hiyo, na Kenya nayo ikasusia, lakini Tanzania ilikwenda, na mwanafunzi huyo wa Texas akarudi darasani na nishani ambayo wenyeji wake hawakwenda kuishindania. Nishani hiyo na ile ya Filbert Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, iliyopatikana Moscow pia, zimebaki kuwa nishani pekee za Olimpiki za Tanzania hadi baada ya michezo ya Paris ya mwaka 2024.

Bayi alizaliwa Karatu wakati eneo hilo lilipokuwa bado ndani ya wilaya ya Mbulu, na kumtaja hapa kunarejesha hoja nyumbani, kwa maana ni kosa kudhani kwamba El Paso ndiko wakimbiaji hawa walikotengenezwa. Nyanda za juu za Mbulu na Hanang, ambazo ni makazi ya Wairaqw na Wabarbaig pamoja na jamii nyingine, zimeinuka kutoka kama mita 1,500 hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Mlima Hanang wenyewe unapita mita 3,400. Katika kimo hicho hewa ina oksijeni kidogo kwa kila pumzi, na mwili wa anayekulia huko huzoea kuitumia vizuri oksijeni iliyopo. Pamoja na hewa hiyo kulikuwa na maisha ya kuchunga na ya kutembea mwendo mrefu, na mashindano ya shule yaliyomwezesha mwalimu wa michezo kumtambua mtoto mwenye mbio kabla hajamaliza darasa la saba. El Paso, iliyo katika kimo cha zaidi kidogo ya mita 1,100, haikuwa na cha kuwaongezea watu hao kwa upande wa hewa.

Ushahidi wa jambo hilo ni kwamba nyanda hizi zilikuwa na wakimbiaji wa kimataifa kabla ya ufadhili wowote wa Texas. John Stephen Akhwari wa Mbulu alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akaanguka na kuumia goti, akaendelea hadi kuingia uwanjani wa mwisho akiwa amefungwa bendeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Dunia imemkumbuka kwa ustahimilivu huo, na ni haki kumkumbuka hivyo, lakini kumkumbuka kwa siku hiyo peke yake ni kumpunja, kwa sababu mwaka 1970 huyohuyo Akhwari alimaliza wa tano katika marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh kwa saa 2:15:05, muda uliomweka katika safu ya wakimbiaji bora wa enzi yake. Bayi naye, tarehe 2 Februari 1974 huko Christchurch, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa kuongoza tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho.

Gidamis Shahanga alifuata njia hiyohiyo. Mwezi Agosti 1978, akiwa bado hajatimiza miaka 21 na jina lake halijulikani nje ya Tanzania, alishinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton, Kanada. Alipokwenda El Paso hakuwa mwanafunzi wa kukimbia bali bingwa kamili, na jambo hilo lilizua malalamiko ya makocha wa vyuo vingine waliodai kuwa haikuwa haki kwa vijana wa Kimarekani waliotoka sekondari kupambanishwa na watu wazima waliokwisha kuvaa jezi za mataifa yao. NCAA iliweka kanuni zilizohesabu mashindano ambayo mtu alishiriki baada ya kufikisha miaka 20 kuwa sehemu ya misimu minne ambayo mwanafunzi huruhusiwa kushindana, na athari yake ilikuwa kuwapunguzia muda wanariadha wa aina ya Shahanga. Malalamiko hayo hayakukosa msingi. Hata hivyo, waliolalamika hawakutaja sana kwamba kijana wa Katesh hakuwa na chuo nyumbani ambacho kingempa shahada na mashindano kwa pamoja, na kwamba Tanzania ya wakati huo ilikuwa imetoka vitani Kagera na kuingia katika uhaba mkubwa wa bidhaa na fedha za kigeni.

Hapo ndipo ulipo mchango halisi wa taasisi hiyo. Iliwapa wakimbiaji kalenda, yaani mfululizo wa mashindano wenye tarehe zinazojulikana, wapinzani wenye nguvu kila baada ya siku chache, na timu ya kufanyia mazoezi ambamo mtu wa tano alikuwa na thamani sawa na wa kwanza. Iliwakutanisha pia na Waafrika wenzao katika mazingira ambayo siasa za bara ziliyazuia mahali pengine. Mwaka 1976 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi nyingi za Afrika zilizoisusia Olimpiki ya Montreal kwa kuwa New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa imezuru Afrika Kusini, iliruhusiwa kushiriki. Miaka mitano baadaye bingwa wa mbio za nyika wa vyuo alikuwa Mathews Motshwarateu, Mwafrika Kusini mweusi wa Texas El Paso, ambaye ubaguzi wa nchi yake ulimfungia milango yote ya michezo ya kimataifa, na aliyevaa jezi moja na Watanzania ambao serikali yao ilikuwa mstari wa mbele kuupinga ubaguzi huo. Wakenya nao, kama Michael Musyoki, walipitia chuo hichohicho, na ushindani wa jadi kati ya majirani ukageuka kuwa jumla moja ya pointi.

Matunda ya kalenda hiyo yalionekana Brisbane, Australia, mwaka 1982, ambako Shahanga alitwaa dhahabu ya mita 10,000 ya Jumuiya ya Madola kwa dakika 28:10.15 na Mtanzania mwenzake wa El Paso, Zakaria Barie, akachukua fedha kwa tofauti ya chini ya nusu sekunde. Katika michezo hiyohiyo Shahanga alikimbia pia marathoni, akaongoza kwa kilomita nyingi pamoja na Juma Ikangaa, askari wa Jeshi la Wananchi ambaye mwishowe alishika nafasi ya pili. Mwaka 1983 Shahanga alikuwa wa tano katika mita 10,000 za mashindano ya kwanza ya dunia ya riadha huko Helsinki, na mwezi Novemba mwaka huo Barie akawa wa kwanza kuvuka mstari katika mbio za nyika za vyuo.

Baada ya hapo njia ya vyuo vya Marekani ilififia kwa Watanzania, kwa sehemu kwa sababu ya kanuni za umri na kwa sehemu kwa sababu marathoni za mijini zilianza kulipa zawadi za fedha waziwazi. Gidamis Shahanga alishinda Rotterdam mwaka 1984 na Vienna mwaka 1990, Nyambui alishinda Berlin mwaka 1987 na 1988, na Mtanzania mwingine, Alfredo Shahanga, akashinda mbio hizo za Berlin mwaka 1989. Nyambui baadaye alikuwa katibu mkuu wa chama cha riadha cha taifa. Kazi ya kumlea mkimbiaji mwaka mzima ilirudi kwa majeshi, na Alphonce Simbu, aliyeipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia katika marathoni ya Tokyo mwezi Septemba 2025, anatoka Singida, mkoa unaopakana na Hanang, na ni askari wa Jeshi la Wananchi la Tanzania kama alivyokuwa Ikangaa.