Limfoma ya Seli T: Saratani Iliyoachwa Nje ya Orodha

Tuanze na swali. VVU hushambulia seli T, hasa zile tunazozipima tukisema "CD4 zimeshuka". Basi mtu mwenye VVU akipata limfoma, yaani saratani ya seli za kinga, si ungetegemea ianzie kwenye seli T hizohizo? Lakini mara nyingi huanzia kwenye seli B. Ya seli T ipo, ila ni nadra. Kwa nini? Ili kulijibu swali hilo inabidi turudi nyuma, na safari yenyewe inaanzia hapahapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alimwona mtoto mwenye uvimbe wa ajabu kwenye mataya. Mwaka uliofuata aliuandikia makala, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari, wakazunguka kwa wiki kumi, karibu kilomita 16,000, wakipita Tanganyika hadi Afrika Kusini. Kila walipofika kwenye hospitali za serikali na za misheni swali lilikuwa moja: uvimbe huu mnauona? Sehemu zenye joto na mvua walisema ndiyo. Nyanda za juu zenye baridi, hapana.

Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona kirusi ndani ya seli zake. Kirusi hicho, EBV, karibu watu wazima wote duniani tunacho. Kinajificha ndani ya seli B, na kazi ya kukilinda kisifurukute ni ya seli T.

Sasa unaona mchezo ulivyo. VVU vinammaliza mlinzi, na aliyekuwa analindwa anapata mwanya. Ndiyo maana limfoma nyingi za watu wenye VVU ni za seli B.

Je, kuna kirusi kinachozigeuza seli T zenyewe kuwa saratani? Kipo. Mwaka 1977 madaktari wa Japani walieleza saratani ya seli T ya watu wazima, na mwaka 1980 watafiti wa Marekani wakatangaza kirusi cha HTLV-1, ambacho ndicho chanzo chake. Hata VVU vilipogunduliwa, kundi hilohilo la Marekani liliviita HTLV-III mwaka 1984, wakidhani ni ndugu wa karibu. Kumbe tabia ni tofauti kabisa: HTLV-1 huzifanya seli T zizaliane ovyo, VVU huzipunguza.

Huku kwetu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Mwaka 1985 Marekani ikaingiza limfoma kali za seli B kwenye orodha ya magonjwa yanayoashiria UKIMWI. Za seli T hazikutajwa, na ugonjwa usiotajwa kwenye orodha hautafutwi sana. Ilipofika mwaka 2001, utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba hatari ya limfoma ya seli T kwa watu wenye UKIMWI ni takriban mara 15 ya watu wengine. Nadra, sawa, lakini si bahati mbaya tu.

Wewe uliyeko Mvumi, Buigiri au kwingineko Chamwino, hili linakuhusuje? Tezi ikivimba shingoni kwa mtu mwenye VVU, wengi hufikiria kifua kikuu kwanza, na hawakosei, maana ni cha kawaida zaidi. Shida ni pale dozi inapoendelea na uvimbe nao unaendelea kukua. Hapo kinatakiwa kikatwe kinyama, kipelekwe maabara, kitiwe rangi maalumu: alama ya CD20 huonyesha seli B, CD3 huonyesha seli T. Tofauti hiyo inabadilisha matibabu. Rituximab, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997, huitafuta CD20. Limfoma ya seli T kwa kawaida haina CD20, kwa hiyo dawa hiyo haina cha kushika.

Dawa za kufubaza VVU, zinazotolewa bure nchini tangu 2004, zinarudisha walinzi kazini na kupunguza limfoma nyingi, ingawa haziziondoi zote. Kwa hiyo meza dawa zako, na uvimbe usipopungua usikae nao nyumbani. Rudi kwa daktari, omba rufaa kama inahitajika, na majibu yakisema "limfoma", uliza: ya seli gani?