Kusakura

Mtaala wa umilisi, ulioingia madarasani Kenya mwaka 2019, hupenda kumtaka mwanafunzi "asakure mtandaoni". Kusakura ni kupekua kwa makini, si kuchungulia. Sasa mpe mtoto wa Mandera swali dadisi: mbona Mto Daua hukauka kiangazi, kisha hufurika hata pasipodondoka tone mjini? Jibu liko kwenye milima ya Ethiopia unakoanzia. Afungue ramani, alinganishe misimu ya mvua ya huko na ya kwao, halafu amuulize mkulima wa ukingoni. Hapo amesakura. Kunakili aya ya kwanza ya tovuti (walimu mnazijua insha hizo) ni kudokoa tu. Na mnara wa simu ukilipuliwa na mtandao ukatoweka, kama ilivyowahi kutokea Kaunti ya Mandera, mwalimu aanzie kwa mkulima.