Dadu Haimjui Mfalme

Baada ya tarawehe vijana hukaa barazani, na mchezo haukosi. Hebu leo twende Constantinople, mji ambao sasa ni Istanbul, katika karne ya 5.

Mfalme Zeno wa Roma ya Mashariki, aliyefariki mwaka 491, alikuwa akicheza tabula, mchezo wa ukoo mmoja na nardi ya Waajemi. Kila mchezaji ana kete 15, nyumba ni 24, dadu 3. Kete mbili zikikaa pamoja ziko salama. Ikibaki moja, mpinzani huipiga. Zeno alikuwa amejipanga vizuri. Akarusha: 2, 5, 6. Kete zake nyingine zilikuwa zimezibiwa njia, na sheria yamlazimu acheze. Ikabidi avunje jozi zake 3, akabaki na kete 8 zilizo pweke. Mrusho mmoja tu, mchezo umeharibika! Tunalijua jambo hili kwa sababu Agathias, mshairi wa karne ya 6, alilitungia shairi.

Sasa piga hesabu. Dadu 3 zaweza kuanguka kwa njia 216; njia zinazoleta 2, 5 na 6 ni 6 tu. Yaani mara 1 katika 36. Dadu haikumwonea Zeno, wala haikujua kama ana taji.

Al-Masudi, mwanahistoria wa Baghdad aliyesafiri mwaka 916 kutoka Qanbalu, katika pwani yetu hii, kwenda Oman, aliandika kuwa watu waliifananisha nardi na dunia: nyumba 12 za upande mmoja ni miezi, kete 30 ni siku, dadu ni kadari. Wengine wakasema aliyebuni sataranji aliamini mtu ana hiari, na wa nardi aliamini mtu hulazimishwa.

Hapo ndipo pa kuangalia, ndugu yangu. Mtume (s.a.w.) aliikemea nardi vikali, kama ilivyo katika Sahih Muslim, na wanazuoni wengi wameiharamisha hata bila pesa. Pesa zikiingia ni kamari, iliyokatazwa katika Surat al-Maida, aya ya 90. Siku hizi dadu imehamia kwenye simu. Kijana anaweka karo ya chuo, ikiliwa anasema, "Ndiyo kadari yangu." Ala! Nani alimtuma?

Zeno hakuchagua namba. Lakini kukaa mezani alichagua mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.