Johan Castberg na haki ya mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa

Miongoni mwa wanasiasa walioijenga sera ya ustawi wa jamii nchini Norway mwanzoni mwa karne ya 20, Johan Castberg anastahili nafasi ya pekee, kwa sababu alilihamisha suala la watoto wa nje ya ndoa kutoka katika uwanja wa sadaka na kuliweka katika uwanja wa haki. Mwanasheria huyo, aliyezaliwa mwaka 1862 katika mji wa bandari wa Brevik, aliongoza chama kidogo cha Arbeiderdemokratene, ambacho nguvu zake zilitoka kwa wakulima wadogo na vibarua wa mashariki mwa nchi.

Alipokuwa Waziri wa Sheria kuanzia mwaka 1908 hadi 1910, katika serikali ya Gunnar Knudsen, alishiriki kwa uzito mkubwa kutunga sheria za vibali vya kutumia maporomoko ya maji, zilizoweka kanuni kwamba mitambo ya kampuni binafsi ingerudi mikononi mwa dola bila fidia baada ya muda wa kibali kwisha. Mwaka 1913 akawa waziri wa kwanza wa wizara mpya iliyounganisha masuala ya jamii, biashara, viwanda na uvuvi, wadhifa aliouacha mwaka uliofuata.

Hata hivyo, jina lake limedumu zaidi kwa sababu ya sheria sita za watoto zilizopitishwa tarehe 10 Aprili 1915. Kabla ya hapo mtoto wa nje ya ndoa hakuwa na haki ya kumrithi baba yake wala kutumia jina la ukoo wa baba, na mzigo wa malezi ulimwelemea mama, mara nyingi mtumishi wa nyumbani au kibarua wa shambani, huku watoto hao wakifa wachanga kwa wingi kuliko wale waliozaliwa katika ndoa. Katti Anker Møller, shemeji yake Castberg, alizunguka nchini akihutubia hadhara juu ya hali ya akina mama hao, na ni haki kusema kwamba bila kazi yake mapendekezo ya waziri yasingepata msukumo uliohitajika.

Sheria hizo ziliwapa watoto ambao baba yao amethibitishwa haki ya jina na mirathi, zikaagiza kwamba gharama za malezi zipimwe kwa hali ya mzazi mwenye uwezo zaidi, na, jambo lililokuwa jipya kabisa, zikaikabidhi mamlaka ya umma wajibu wa kumtafuta baba, badala ya kumwachia mama peke yake shauri hilo. Pale ambapo ubaba haukuweza kuthibitishwa kwa kuwa mama alikuwa na uhusiano na zaidi ya mwanamume mmoja, mhusika aliweza kutakiwa kutoa matunzo tu, bila mtoto kupata jina wala urithi, na hapo ndipo ulipobaki upungufu mkubwa wa sheria hizo.

Upinzani ulikuwa mkali, hata kutoka kwa wanawake walioolewa, ambao baadhi yao waliona heshima ya ndoa na mali ya watoto wao vikihatarishwa. Castberg alishikilia kwamba mtoto hawezi kubebeshwa kosa la wazazi, na Bunge likamkubalia.

Alifariki Desemba 1926. Mwaka 1981 Norway ilipitisha sheria moja ya watoto, inayowahusu wote, waliozaliwa ndani na nje ya ndoa.