Uso katika jua la saa sita: foto ilivyojifunza kuona mwanga na kivuli pamoja

MUHETO, Masisi – Jua la saa sita mchana huku halina mchezo. Masisi iko karibu na ikweta, tena juu milimani, na katika mwezi wa Machi na wa Septemba jua linapita karibu wima juu ya vichwa. Kivuli kinajificha chini ya miguu, chini ya kofia, chini ya nyusi. Mtu akisimama mbele ya turubai jeupe ili apigwe foto kwa simu, mara nyingi turubai linatoka vizuri na uso wake unakuwa doa jeusi. Mpiga foto akilazimisha uso uonekane, basi turubai, mlima na mbingu vinayeyuka vyote kuwa weupe mtupu.

Jicho halina shida hiyo, kwa sababu linajirekebisha kila linapohama kutoka mwangani kwenda kivulini. Kamera inachagua kipimo kimoja kwa foto nzima. Na kati ya turubai linalopigwa na jua na macho yaliyo chini ya kofia, tofauti ya mwanga inaweza kuzidi mara mia.

Kwa mtu aliye nyumbani kwake, foto iliyoharibika ni ya kucheka na kufuta. Kwa jamaa zilizotawanyika ni jambo lingine kabisa, na Kivu Kaskazini inalijua tangu zamani. Mwezi wa Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Goma kwa siku chache tu, wakapiga kambi Kibumba, Katale na Mugunga, juu ya mawe meusi ya volkano. Watoto wengi walipotezana na wazazi njiani. Wengine walikuwa wadogo mno hata kutaja jina la baba. UNICEF, HCR na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu wakatumia foto: maelfu ya watoto walipigwa, na nyuso zao zikabandikwa kwenye mbao ili wazazi wapite wakitazama. Mtoto asiyejua jina lake hakuwa na kitambulisho kingine isipokuwa ule uso. Foto ya namna hiyo ikitoka na kivuli machoni, mama anaweza kuipita.

Shida yenyewe ni ya zamani karibu sawa na foto. Ufaransani, mnamo 1856 na 1857, Gustave Le Gray alikuwa akipiga foto za bahari. Akipima mwanga wa maji, mawingu yanapotea. Akipima mawingu, maji yanakuwa giza. Katika baadhi ya foto hizo alitumia vioo viwili, kimoja cha mbingu na kingine cha bahari, kisha akaviunganisha kwenye karatasi moja. Watu wa wakati ule walishangaa sana. Lakini hadi leo, wazo ni lile lile: kama kipimo kimoja hakitoshi, piga zaidi ya mara moja, halafu unganisha.

Karne moja baadaye wazo hilo lilikutana na mwanga mkali kuliko jua. Mmarekani Charles Wyckoff alitengeneza filamu yenye tabaka tatu, kila tabaka ikiwa na wepesi wake wa kushika mwanga, ili milipuko ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ionekane kuanzia katikati ya moto hadi pembeni. Hapa Mkongomani ana haki ya kusimama kidogo: sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Wamarekani kutengeneza bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga.

Filamu za rangi za kawaida nazo zilikuwa na mtu wao waliyemfikiria. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilipeleka kwa maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine inahesabiwa kuwa sawa. Mtu mweusi aliyesimama karibu na mzungu katika foto moja alibaki meno na macho. Malalamiko yaliyosikilizwa zaidi hayakutoka hata kwa watu weusi, bali kwa watengenezaji wa chokoleti na wa meza za mbao waliotaka bidhaa zao zionekane katika matangazo. Ni katika miaka ya 1990 tu kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilipoanza kutumika.

Kompyuta ndiyo iliyorahisisha kazi ya Le Gray. Mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik, wa chuo kikuu cha Berkeley huko California, walieleza hesabu ya kuchukua foto kadhaa za mahali pamoja, zenye vipimo tofauti, na kupata kutoka humo mwanga wote uliokuwapo. Mwaka 2010 iPhone ikaanza kufanya hivyo ndani ya simu, na herufi tatu, HDR, zikaonekana kwenye kioo cha kamera. Simu nyingine zikafuata. Kuhusu ngozi nyeusi, Tecno ilijipatia wateja wengi Afrika kwa kuipa kipaumbele, na Google ilianza kuitangaza kazi hiyo kwa simu zake mwaka 2021. Rubaya, humu humu Masisi, ni mojawapo ya machimbo makubwa ya koltani duniani, na tantali inayotoka katika koltani imo ndani ya simu hizo. Watu wa hapa wamechelewa kuonekana vizuri katika kifaa wanachokichimbia.

HDR ina udhaifu wake. Simu inapiga foto kadhaa kwa haraka, basi mtoto akigeuka anaweza kutoka na masikio matatu. Kwa hiyo ujuzi wa wapiga foto wa zamani haujafa: kupiga asubuhi ama jioni, na saa sita kumweka mtu ukingoni mwa kivuli cha nyumba, akitazama nje kwenye mwanga, bila kofia, nyuma yake kukiwa na ukuta wa udongo ama migomba, wala si turubai jeupe. Kisha kidole kiguse uso kwenye kioo cha simu, ili kamera ipime uso kwanza. Kutuma kuna hasara pia, maana WhatsApp inaipunguza foto. Ikitumwa kama dokumenti inafika nzima.

Foto ya mtoto aliyepotea isirushwe ovyo kwenye makundi pamoja na jina lake na mahali anapolala, kwa kuwa hata wenye nia mbaya wanatazama. Ipelekwe kwa wafanyakazi wa Msalaba Mwekundu wanaotafuta jamaa, ikiwa na jina la mtoto, la wazazi kama yanajulikana, la kijiji na la chifu wa huko, yote yakiandikwa kwa bic kwenye karatasi ya pembeni.